Nyumba Iliyokuwa Inalia Kutwa

Nyumba ya Injinia ilikuwa inalia kutwa. Ukipita njia ya kituo cha majani chai ulisikia piii moja mlangoni, piii nyingine darini, na nyuma ya choo kulikuwa na kidude kilichokwaruza kama panya ndani ya gunia. Wageni waliuliza kama hapo ni benki. Sisi majirani tulikuwa tumeshazoea, na kuzoea huko ndiko kulikonikalisha leo niandike.

Hakuwa injinia. Alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai mpaka alipostaafu, na jina hilo alipewa kwa mzaha likamganda. Ni ndugu mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu ni mkwe vilevile, na kwetu Wagusii mkwe ana mipaka yake, ile tunayoiita ensoni. Simpi mkono. Siketi kwenye kiti chake. Chumba chake cha kulala sikujua hata ukuta wake una rangi gani, ingawa nimeishi upande wa pili wa ua wake hapa Nyansiongo miaka kumi na minane. Yeye ananiita mokamwana, mke wa mwana, nami namwita Tata.

Nitasema mapema, kwa sababu sipendi hadithi za kufichaficha. Mkewe alikufa Ijumaa moja ya mavuno, miaka mitatu iliyopita, mashine yake ya oksijeni ilipozimika. Aliyeachiwa kazi ya kumlinda ni mimi. Injinia aliwaambia watu wote kwamba kosa ni lake, nami nikanyamaza. Hata leo watu wanasema mzee yule alimuua mkewe kwa michezo yake, na mimi nawasikia nikiwa na kikapu cha chai mgongoni, napita.

Sasa nimweleze mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kusemwa kwa sentensi moja.

Alipenda vidude kama watu wengine wanavyopenda mpira. Kila alipokwenda Kisii mjini alirudi na mfuko wa nailoni uliojaa vyuma: simu zilizokufa, redio zisizo na mgongo, mota za mashine za kufulia. Kulikuwa na muuza vipuri mmoja wa Kihindi aliyemwekea boksi zima chini ya kaunta, na Injinia alipolifungua alinyamaza kama mtu anayesali. Hakupenda kusema kitu kimeharibika. Alisema kimechoka. Redio yangu ilichoka, pasi yangu ilichoka, na vyote alivitengeneza, ila pasi ile tangu siku hiyo huwaka taa ya kijani ambayo haikuwa nayo dukani.

Kuna mwaka alimfunga ng'ombe wake kidude shingoni cha kumjulisha kwa simu siku ambayo ng'ombe anataka dume. Siku yenyewe ikaangukia Sabato, katikati ya mahubiri. Simu ikalia kanisani. Pasta akanyamaza, kanisa zima likageuka, na Injinia, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na alikaa mbele, akasoma ujumbe akasimama.

"Pasta, nisamehe," akasema. "Ni ng'ombe."

Wiki nzima hatukuweza kumtazama usoni bila kucheka. Mkewe alicheka kuliko sote. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali na moyo mwepesi, na alikuwa akituambia sisi wake wa boma, "Mimi sikuolewa na mtu. Huyu alikuwa ameoa waya, mimi nikaongezwa."

Kengele ya mlangoni aliitengeneza kwa sauti ya mkewe huyo. Alimrekodi bila yeye kujua, akiuliza kwa Kikisii kama alivyouliza kila mgeni: "Ning'o?" Yaani, ni nani? Mama, ndivyo nilivyomwita mkewe, alipoibonyeza mara ya kwanza, akitoka sokoni, alijiuliza swali hilo mwenyewe, akajijibu, akakaa kwenye ngazi akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilikuwa tayari kimeanza, lakini nani alikihesabu?

Na hapo ndipo ninapokasirika, hata kama sina haki ya kumkasirikia. Mtu huyu aliyeweza kumfanya ng'ombe atume ujumbe alimwacha mkewe apikie mafiga matatu, kuni mbichi, moshi wa kukata na kisu. Gesi aliiogopa. Alisema mtungi ule ni bomu limevaa rangi. Mama alipolalamika, akamletea feni ndogo ya kusukuma moshi nje. Feni ikasukuma majivu kwenye sufuria ya mboga za chinsaga. Ikang'olewa, ikawekwa rafuni ichunguzwe, na hadi leo sijui kama ilichunguzwa. Alipenda mambo yajayo kwa moyo wote lakini hakuyafikisha jikoni.

Mambo yajayo aliyapata vitabuni. Alikuwa na kabati la vitabu vya Kiingereza vyenye majalada yaliyochanika, alivyonunua kando ya barabara, vyote vya vyombo vya angani na watu wanaokaa nyota za mbali. Jioni, wakati tunapukuchua mahindi kwenye veranda yake, alitusimulia. Hakusoma, alisimulia kwa Kikisii, na akikosa neno anatengeneza la kwake. Tulijua wafalme wa sayari zenye miezi miwili. Tulijua mashine iliyompenda bwana wake ikakataa kuzimwa. Nilikuwa najifanya sisikilizi, lakini nikifika nyumbani namsimulia binti yangu Kemunto yote, na mengine nikiyaongeza chumvi.

Kila mara akimaliza alituuliza, "Chombo kikitua pale kwa malisho, mngeenda?"

Mimi nilisema singeenda. Mkewe alikuwa na swali moja tu, lile lile, kwa kila sayari.

"Kuna hewa huko?"

"Hakuna. Unavaa kofia."

"Basi nenda na kofia yako. Mimi nitabaki na hewa yangu."

Nakumbuka maneno hayo nikiwa nachuma chai, nikiwa kanisani, nikiwa nafua. Hayaniachi.

Shida ya Injinia ilikuwa kuacha. Sisi Wasabato Ijumaa jioni jua likizama kazi inakoma, redio za dunia zinanyamaza, watu wanaimba kuikaribisha Sabato. Yeye jua lingezama yuko na waya mdomoni, akisema nusu dakika, nusu dakika. Mzee wa kanisa! Ndipo mkewe akamwambia mbele yetu sote, "Si unatengeneza kila kitu? Tengeneza kitu cha kukuzima wewe."

Akakitengeneza. Wiki mbili hakuonekana. Alipotoka alikuwa amegawanya umeme wa nyumba mara mbili: soketi zenye tepe ya kijani, za friji na chumbani, hazizimiki kamwe, na soketi zenye tepe nyekundu, za veranda, redio na runinga sebuleni, zinazimika zenyewe kila Ijumaa. Kidude kilijua siku ya Ijumaa, lakini saa hakukiwekea. Alisema saa ni ya wanadamu lakini Sabato ni ya jua, kwa hiyo akapandisha kijicho cha kioo juu ya paa kiangalie mwanga. Giza likiingia, kila kitu chekundu kinakufa. Mama alikiita Kizima-Mzee. Injinia alituita wote akatueleza rangi hizo na maana yake, akarudia, nasi tukamsikiliza kama tunavyosikiliza matangazo kanisani, tukingoja amina.

Jambo jingine alilotuambia mara nyingi ni hili: "Vitu zangu zikilia, msishtuke na msiguse. Zinaongea na mimi."

Mapafu ya Mama yalipochakaa kabisa, hospitali ikasema oksijeni, na Injinia akatafuta mashine iliyochoka akaitengeneza ikawa mpya. Ilikuwa na magurudumu. Ilikaa chumbani kwenye tepe ya kijani, na umeme ukipotea ililia kwa betri yake mwenyewe, kwa sauti ndefu. Miezi saba sikumwona akifungua kitabu. Alikaa na mashine ile akiisikiliza, na kama ilikoroma tofauti kidogo aliweka sikio. Kama kuna mtu alitaka mkewe aishi, ni huyo.

Ijumaa ile alikwenda kanisani kufunga vipaza sauti. Alisimama nje ya mlango wangu, kama kawaida yake, akaniita.

"Mokamwana, kaa naye mpaka nirudi."

Nikasema ndiyo, Tata.

Nilikaa sebuleni, maana chumbani sikuweza kuingia. Mama akachoka kuzungumza nami kupitia pazia. Akatoka mwenyewe, akivuta mashine yake polepole, akataka kukaa kwenye kiti karibu na dirisha aone mahindi ya watu. Waya ukamfuata, ukaisha, plagi ikachomoka chumbani. Mashine ikaanza kulia. Mimi haraka nikauvuta waya mpaka plagi ikanifikia, nikaichomeka kwenye soketi ya kwanza niliyoiona, kando ya runinga. Ikanyamaza. Tepe niliiona. Ilikuwa nyekundu. Niliiona na haikuniambia kitu.

Saa kumi hivi wingu likaja kutoka upande wa Kisii, jeusi. Mahindi yangu yote ya msimu yalikuwa yameanikwa kwenye turubai. Mama alikuwa amesinzia, mashine inakoroma vizuri. Nikamwambia, au nilijiambia, narudi sasa hivi. Nikakimbia. Nikakusanya mahindi, mvua ikanikuta kwenye gunia la mwisho, na nilipokuwa nimeingia jikoni niliona maharagwe yanaungua, na maji ya kuogesha watoto bado, na Sabato inakuja. Wingu lilikuwa limefanya giza kama magharibi, na kile kijicho juu ya paa kilikuwa kimeliona.

Nikasikia piii ndefu kutoka nyumba ya pili. Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikasema, vyombo vya Injinia hivyo. Nikaendelea kukoroga.

Hilo la mwiko sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba niliondoka, yeye alilijua. Alikuta kiti cha mgeni kitupu na plagi kwenye nyekundu. Lakini kwamba nilisikia, hakulijua, na hakuna aliyelijua mpaka juzi.

Siku ya mazishi kaka zake Mama walikuja na hasira zao. Injinia alisimama mbele yao, amevaa koti lile moja alilokuwa nalo tangu kiwandani, akasema: "Mokamwana hakuwa hapo. Nilimwacha bibi yangu pekee yake. Mimi ndiye nilitoa yeye chumbani, mimi ndiye nilichomeka mahali mbaya." Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka hapo na sinia la sahani. Sahani hazikuanguka. Kaka zake waliondoka bila kula, na kwetu hakuna tusi linalozidi hilo. Baadaye aliomba kuacha uzee wa kanisa, wakamkubalia upesi mno. Vipaza sauti akapewa kijana mwingine.

Akavizima vidude vyake kimoja kimoja. Kile cha choo kikanyamaza. Cha darini kikanyamaza. Sikuwahi kufikiri ningetamani kelele zile, lakini nyumba ile ilipotulia, kulala kando yake kukawa mzigo kwangu.

Kitu kimoja hakukizima, mashine ya Mama. Mara nne, siku za mvua kubwa, nikiwa jikoni niliisikia piii ile ndefu tena, nikatoka mlangoni roho juu. Mara zote nne nilimkuta amesimama kwenye ua wetu, mbele, karibu na tangi langu la maji, analowa, mkono nyuma ya sikio. Halafu anatoa daftari ndani ya koti, anaandika, anarudi. Nilijua anafanya nini. Anapima kama mtu wa upande wetu angeweza kusikia. Nilifunga mlango.

Juzi Jumatatu nilikwenda. Sitajisifu kwamba ni ujasiri. Nilikuwa nimesikia wanawake wawili kituoni wakimcheka, na mmoja ni mimi niliyemfundisha kuchuma chai, na nikaona nikipita kimya mara hii pia, sitasema kamwe. Nilibonyeza kengele.

"Ning'o?" akauliza Mama.

Nilikuwa nimeisahau. Nikasimama pale, nikajibu kwa sauti kuwa ni mimi. Injinia akafungua. Amekonda, ndevu zimemwota ovyo, na mezani hakuna hata nati moja.

"Keti, mokamwana."

"Nimekuja kusema kitu, Tata."

"Sema."

Nikasema yote ya kuondoka. Mahindi, wingu, gunia la mwisho, plagi. Nikasema nitakwenda kwa kaka zake Mama, nitasimama kanisani. Alinisikiliza akitazama mikono yake.

"Hiyo najua," akasema. "Mahindi yalikuwa yanyeshewe. Mtu yeyote angeenda. Na wakati huo mume wako alikuwa Nairobi na wewe uko na watoto watatu hapa. Ningesema ni wewe, wangekurudisha kwenu. Mimi wangenirudisha wapi?"

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akavuta daftari lake.

"Halafu ile kosa ni yangu. Nilitumia jicho badala ya saa. Jicho haijui wingu na magharibi." Akalifungua mahali palipochakaa. "Lakini nilipima. Mara nne, mvua kama ile. Kwa ua yako haisikiki hata kidogo. Kwa hivyo hata ungekuwa unasikiliza, hungesikia. Hata mimi singesikia. Hakuna mtu angesikia. Hiyo ndiyo inanipatia usingizi."

Mvua ilikuwa imeanza kugonga mabati. Ningeweza kunyamaza hapo. Mungu ananiona, nilitaka kunyamaza. Mtu amepata kijiko kimoja cha usingizi, wewe unakwenda kukimwaga kwa nini? Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayepita.

"Ulipima uani, Tata. Pale kuna tangi na mabati. Mimi nilikuwa jikoni."

Akaniangalia.

"Jikoni yangu bado ni ya nyasi," nikasema. "Mvua haipigi kelele juu. Na dirisha linaangalia ukuta wako."

Kidole chake kikabaki juu ya daftari.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukafikiria ni nini?"

"Nikafikiria ni vyombo vyako."

Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisimama, akaenda dirishani, akaitazama mvua kama fundi anavyoitazama.

"Hii ni kama ile?"

"Ile ilizidi kidogo."

"Si kitu. Nenda ukaiwashe. Iko chumbani. Chomeka kwa kijani, ngoja ikorome, halafu uchomoe. Mimi nitakuwa kwa jikoni yako."

"Tata, chumbani?"

"Ingia," akasema, akavaa koti akatoka.

Nikaingia. Ukuta ni wa samawati. Kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Mashine imefunikwa kitambaa cha Mama cha kichwani, na chini yake haina hata chembe ya vumbi. Nilichomeka kwenye kijani. Ikakoroma. Nikashika plagi ile kwa mkono ule ule, nikachomoa. Ikaanza kulia, piii ndefu, nami nikakimbia mvuani kama ningepaswa kukimbia siku ile.

Alikuwa mlangoni pa jikoni yangu. Ndani hakuingia, kwa sababu jikoni kwa mke wa mwanawe haingii, lakini alikuwa ameinamisha shingo, kichwa kikiwa chini ya nyasi, mkono nyuma ya sikio. Mvua ilikuwa inampiga mgongoni. Daftari alilikumbatia kifuani lisilowe.

"Inasikika," akasema.

Akaniomba kalamu. Aliandika kwa taratibu, akanikabidhi kalamu yangu, kisha akarudisha mkono sikioni. Sikwenda kuizima mpaka aliponiambia.